Rambirambi za Kamasi

Jumapili, sahani zikiwa bado mezani, binti yangu aliniuliza swali ambalo mtoto hapaswi kumuuliza baba yake. "Baba, hivi kwenye misiba ya watu huwa unalala?"

Nikamwambia mimi silali msibani. Nasinzia kwenye vikao vya harusi, tena kuanzia pale mweka hazina anaposimama kusoma ahadi ambazo hazijalipwa, na pale sisinzii peke yangu. Msibani niko macho. Akachukua simu yangu bila kuomba, akafungua grupu la ukoo, akalisukuma kwa kidole hadi siku tuliyopewa taarifa ya kufariki mjomba wa marehemu mama yangu. Ujumbe wangu ulikuwepo, mfupi na wa heshima: "Poleni sana wafiwa, tuko pamoja." Mbele yake nilikuwa nimepanga emoji tano za manjano, macho yamefumbwa, tone kubwa la buluu linaning'inia usoni. Chozi. Nililichagua mwenyewe baada ya kuyaangalia yote. Yale mengine yanamwaga maji pande zote mbili kama bomba letu siku ya kwanza baada ya mgao, na mimi si mtu wa kulia hivyo. Hili lilikuwa chozi moja la mtu mzima aliyejikaza.

"Baba, hilo si chozi. Ni kamasi."

Nikavaa miwani.

"Ni povu la kamasi. Kwenye katuni za Kijapani mtu akilala fofofo anachorwa na povu puani. Akivuta pumzi linanywea, akitoa linavimba. Akishtuka linapasuka, paa! Huyu hapa amelala. Hata jina lake kwenye orodha rasmi ni uso wenye usingizi."

Usiku ule nilipiga hesabu kitandani. Miaka minne. Misiba 11, wagonjwa 6, na shangazi mmoja aliyekwapuliwa mkoba Kariakoo. Wote hao nimewaandikia, kwa Kijapani fasaha, kwamba nimelala na povu linanitoka puani.

Niwaambie huyu mtoto ni nani, msije mkadhani anababaisha. Nimemsomesha uhasibu. Cheti kipo, mama yake kakiwekea fremu, kimetundikwa pale ambapo mgeni akikaa lazima akione. Mwenye cheti yuko chumbani anachora wasichana wenye macho makubwa kama visahani vya chai. Anachora kwenye ubao mweusi wa plastiki, kwa kalamu isiyo na wino. Siku ya kwanza niliichukua kalamu hiyo nimsaidie kuichaji, maana siku hizi kila kitu kinachajiwa, nikaizungusha nusu saa natafuta tundu. Haina tundu. Haina betri. Nguvu iko kwenye ubao: ubao unatoa mawimbi ya sumaku, na ndani ya kalamu mna waya uliosokotwa unaoyapokea na kuitikia, nipo hapa, nimekandamizwa kiasi hiki. Kampuni ya Wacom ya kule Saitama, iliyoanza mwaka 1983, imejipatia jina kwa kalamu za namna hiyo. Ukikandamiza, mstari unanenepa. Ukilegeza, unakonda.

Usiku mmoja nilikaa nyuma yake nimwone akichora jicho. Jicho moja, la kushoto. Alianza taarifa ya habari ilipokuwa inaanza, na hadi mimi nakwenda kulala kope zilikuwa bado. Anachora tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyosukumwa vizuri: mistari ina tabaka lake, rangi lake, kivuli cha kope lake, na juu kabisa vile vitone viwili vyeupe vya mwanga ambavyo, anasema, bila hivyo jicho limekufa. Akikosea anabonyeza mahali, kosa linarudi lilikotoka. (Kitufe hicho mimi ningekitaka kwa mambo mengine kabisa. Kuna mtu niliwahi kumdhamini mkopo.) Jicho linachukua saa tatu, pua inachukua sekunde. Pua ni nukta. Aliwahi kunichora mimi kwa mtindo huo, mimi na pua yangu hii ambayo marehemu bibi alikuwa anasema ndiyo iliyotangulia kuzaliwa, nami nikafuata, na kwenye picha niliitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo umeme ukiwa umekatika.

Kwa hiyo akisema ni kamasi, basi ni kamasi. Shida yake akianza haachi. Akaendelea kunipekua.

Kuna fundi wa friji ninayemdai. Nilimpa fedha za vipuri mwezi wa sita, friji liko kwake mpaka leo, na nasikia linapooza soda za dukani kwa mke wake. Nilimwandikia maneno makali, nikamalizia na ule uso unaofoka mvuke puani ili ajue nimefura. Akanijibu: "Hongera sana mzee wangu." Nikaona ni dharau, nikawa siku mbili sili vizuri. Kumbe kwa Wajapani mvuke wa puani ni wa mtu aliyeshinda, kifua mbele, anajisikia. Jina lake rasmi linasema hivyohivyo: uso wenye sura ya ushindi. Fundi alinisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba amekula fedha zangu na nina furaha isiyo kifani.

"Sasa hasira yenyewe iko wapi?" nikauliza.

Iko pembeni huko, alama nyekundu kama njia panda iliyochongwa vibaya. Ni mshipa. Mchoraji wa manga, yaani hizo katuni za Kijapani, akitaka mtu akasirike anamsimamishia mishipa kwenye kipaji cha uso, na kadiri miaka ilivyokwenda ukabaki mshipa peke yake, mtu hayupo. Mimi nilikuwa naitumia kuelekeza wageni nyumbani. Ukifika njia panda, mshipa, kata kulia.

Kaka yangu ni dereva wa lori, miaka 30 anakwenda Tunduma na kurudi. Kila safari nilikuwa namwekea ngao mbili za kijani na manjano, Mungu amlinde. Ngao hiyo kule Japani inabandikwa kwenye gari la mtu aliyepata leseni juzi, ni sheria tangu mwaka 1972, ili wenzake barabarani wamwonee huruma. Namshukuru Mungu kaka naye hajui. Na ile emoji ya kibao cheupe kilichozungukwa na ndimi nyekundu, niliyowatumia wapangaji wangu wote mara tatu mfululizo mtungi wa gesi ulipovuja? Moto, hatari, tokeni nje! Ni beji ya jina. Wanavaa watoto wa chekechea kifuani, imekatwa mfano wa ua la tulipu.

Lakini lililoniuma ni la mama mkwe. Alipasuliwa mtoto wa jicho, na mimi, mkwe mwenye adabu, nikamtumia ua jeupe. Ua moja tu, safi, lenye petali za kuzunguka. Ua lile ni muhuri. Mwalimu wa Japani akisahihisha daftari akakuta kazi nzuri, anachora ua kwa wino mwekundu: umefanya vizuri sana. Mama wa watu ametoka chumba cha upasuaji, mkwe wake anamsahihisha.

Hapo nikauliza swali ambalo mnunuzi yeyote wa vocha angeuliza. Japani inafanya nini kwenye simu yangu?

Akaweka kalamu chini. Akiweka kalamu chini ujue ni refu. Miaka ya 90, kabla simu za mkononi hazijaenea, vijana wa Japani walikuwa na peja, na peja moja ilikuwa na alama ya moyo. Ukimtumia mtu ujumbe mkavu ukaweka moyo, ujumbe unapata damu. Toleo jipya lilipotoka limevaa kikazi zaidi, moyo haumo, vijana wakahama kampuni. Wakubwa wakajifunza kwamba kale kamoyo kalikuwa mali. Mwaka 1997 kampuni ya J-Phone ikatoa simu yenye picha 90, mojawapo ikiwa kinyesi, na kinyesi hicho kimepita mabonde na milima hadi kwenye simu yangu kikiwa kinatabasamu. Halafu mwaka 1999 watu wa kampuni ya DoCoMo wakaanzisha i-mode, intaneti ya simuni, na kijana wao mmoja wa miaka ishirini na kitu, Kurita Shigetaka, akachora picha 176. Hakuwa mchoraji kwa kazi. (Hapo binti yangu alitupia jicho kile cheti ukutani, nami nikajifanya sikuona.) Alichukua alama za utabiri wa hali ya hewa, alama za barabarani, na hiyo mishipa na matone ya jasho ya manga. Kila picha alipewa nukta 12 kwa 12 tu, basi.

Sababu ilikuwa nini? Baruapepe za simu zile ziliishia herufi 250, na Mjapani hajazoea kusema jambo kwa herufi 250. Barua yao inaanza na majira, maua yamechanua, baridi imezidi, mu hali gani, ndipo wanafika kwenye jambo. Ukimkatia hayo yote ukamwachia neno moja, "sawa", anakaa nalo usiku kucha: sawa ya kukubali, au sawa ya kuchoshwa na mimi?

Nikawaelewa Wajapani kwa mara ya kwanza. Barua za marehemu baba zilikuwa hivyohivyo. Dhumuni la barua ni kutaka kujua hali yako, ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ukurasa wa kwanza umeisha na mzee hajasema anataka shilingi ngapi. Lakini alikuwa hanuni. Hata siku moja hukumaliza barua ya baba ukabaki unajiuliza kama amenuna.

Zile picha 176 ziko Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York, tangu mwaka 2016. Jengo moja na usiku wa nyota wa Van Gogh. Nilipoambiwa hivyo nikasema kwa sauti, mke wangu akiwepo kama shahidi, kwamba nukta 144 hata mimi naziweza.

Lilikuwa kosa. Kitinda mimba akapewa agizo la kutoa daftari lake la hesabu, lile la visanduku. Binti akapiga mstari kuzunguka visanduku 12 kwa 12, akanipa penseli. "Jichore, Baba. Kisanduku kinajazwa chote au kinaachwa. Nusu hakuna."

Nusu hakuna! Mimi ambaye maisha yangu yote yameendeshwa kwa nusunusu. Nilianza na kichwa, maana kichwa changu ni cha mviringo, nikadhani hapo ni pepesi. Mviringo hauchoreki kwa visanduku. Ukikata kona moja unapata sufuria, ukikata mbili unapata nati ya gari. Macho nikayapa kisanduku kimoja kimoja, yakakaa vizuri, ila yakanitazama kama tundu za soketi. Pua ndiyo iliyoniharibia. Nikiipa kisanduku kimoja si yangu, nikiipa vinne imekula sehemu ya mdomo. Nikafuta. Nikahamisha macho juu. Macho yakagusa nywele ambazo sina, nikagundua kwamba kwa nukta 144 huwezi kutofautisha mtu mwenye upara na mtu ambaye kichwa chake hakijamalizika.

"Weka masharubu," akasema.

"Sina masharubu."

"Mario naye hakuwa nayo." Akanieleza: mwaka 1981 Miyamoto Shigeru wa Nintendo alikuwa anachora kijitu cha mchezo wa Donkey Kong, kidogo mno, mdomo haukuonekana kabisa. Akaweka masharubu, basi ukijua pua inaishia wapi, mdomo unajaziwa na mtazamaji. Nywele za kupepea mtu anaporuka zilikuwa shughuli, akamvisha kofia. Mikono haikutengana na mwili, akamvisha ovaroli ya rangi nyingine. Dunia nzima inadhani ni fundi Mwitaliano mtanashati, kumbe ni mtu aliyevishwa kwa sababu ya ufinyu wa nafasi.

Kofia niliikubali upesi kuliko masharubu. Nikamaliza, nikanyoosha mkono, nikaitazama kwa mbali jinsi wachoraji wanavyofanya. Mke wangu akapita na beseni la vyombo, akainama. "Umechora stuli?"

Nikafuta kwa nguvu, karatasi ikatoboka. Penseli haina kile kitufe.

Basi nikamheshimu Kurita, lakini heshima haijaniondolea malalamiko. Maana picha zilikuwa za kwao, wakielewana wenyewe kwa wenyewe, na hata kwao kila kampuni ya simu ilikuwa na namba zake, ukituma moyo kwa mtu wa kampuni nyingine unafika takataka. Mwaka 2010 ndipo zikaingizwa kwenye Unicode, ile orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake, na waliozihamisha hawakuacha kitu nyuma, kama mtu anayehama nyumba na majivu ya jikoni. Posta ya Japani imo, jengo lake peke yake, mbali na posta ya kawaida. Kuna kipande cha samaki wa kusagwa chenye mzunguko wa waridi katikati. Kuna mnara wa Tokyo. Ramani ya nchi iko moja tu, ya Japani. Nimetafuta yetu nikaishia kwenye tufe, ambamo Afrika nzima na Ulaya tumebanwa upande mmoja kama abiria wa siti ya nyuma.

Nilipolalamikia ramani, binti akasema Wajapani hawakutusahau. Mwaka 1968 vijana wa Tokyo waliojiita Computer Technique Group walipeleka London mchoro uliochorwa kwa kompyuta: mtu anakimbia, mistari ya mwili wake inasogea kidogo kidogo hadi anakuwa chupa ya kola, na chupa nayo inasogea hadi inakuwa bara la Afrika. Nikauliza maana yake. Akasema ni sanaa. Sikujua nishukuru au niulize soda yenyewe iko wapi.

Kitu kimoja tu kilinipa faraja. Unapotuma emoji, haisafiri picha. Inasafiri namba, na simu ya mwenzako ndiyo inayochora kwa mkono wake. Na kila simu ina mkono wake: kuna zinazoliweka tone chini ya pua, kuna zinazolipandisha karibu na jicho.

"Kwa hiyo kwa wengine nililia?"

"Inategemea na simu, Baba."

Nikaamua kuacha. Tangu Jumapili ile naandika maneno matupu, Kiswahili kitupu, chenye nukta mwishoni. Nilihimili hadi Jumatano. Jumatano jioni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, akatangaza kwenye grupu kwamba ng'ombe wake wa maziwa amekufa. Ng'ombe mwenyewe tunamjua, ana jina, tumekunywa chai yake kila Krismasi. Watu wakamiminika, mikono ikakutanishwa, mioyo ikapasuka, shangazi wa Kariakoo akaweka hadi pambo la mwaka mpya wa Kijapani la mianzi, na sikumsema. Mimi nikaandika: "Pole shemeji."

Grupu likanyamaza.

Dakika kumi hazijaisha, mke wangu akatoka jikoni na simu mkononi. "Umemwandikia nini mdogo wangu?"

"Nimempa pole."

"Ananiuliza amekukosea nini. Anasema kama ni ile laki moja yako, atarudisha akiuza ndama."

Nikajitetea. Nikamweleza habari ya povu, pua, Wajapani, namba zinazosafiri. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo ni nadra, halafu akasema, "Umemwandikia kama hakimu. Rudi ukamalizie."

Binti hakuinua uso kwenye ubao wake. Alikuwa kwenye jicho la kulia.

Nikarudi kwenye simu, nikamtafuta yule mlala. Nikaweka watatu. Kwa kuwa alikuwa ng'ombe wa maziwa, nikaongeza wawili. Jibu lilifika kabla sijaiweka simu mezani: "Asante sana shemeji wangu. Nilijua tu utaumia."

Mwishoni akaweka lile ua jeupe.